Mwaka Niliotamani Mguu wa Marceline

Mwezi uliopita Marceline alifika kwa baleinière, ile mashua ndefu ya mbao inayotoka Basoko na abiria wengi kuliko mbao zake, na nilimtambua kabla sijauona uso. Nilitambua mwendo. Ukingo wa bandari yetu ya Kisangani umeinama kama paa la nyumba, na kila mtu huupanda akitazama mbele. Marceline aliupanda kwa ubavu, bega la kulia likitangulia, mguu wa kushoto ukifuata mzima mzima kama ubao, mfano wa kaa anayekwenda kusali. Wabeba mizigo watatu waliacha mizigo ya watu wakamkimbilia. Mmoja alimshika mkono, wa pili akamshika kiuno, na wa tatu, kwa kuwa hakubakiwa na mahali pa kushika, akashika mwavuli wake. Nami nilikuwa nimesimama pale juu nikimngoja tangu saa mbili asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, jua lote la mkoa wa Tshopo limekaa kichwani mwangu, na hakuna hata nzi aliyeniuliza kama nimechoka. Nikajisemea: Mama Zaina, haki ya Mungu, miaka kumi na minne imepita na bado unamwonea huyu mwanamke wivu kwa sababu ya mguu mbovu!

“Mama Zaina!” akapiga kelele. “We ule ule! Hauzeeke?”

“Nazeeka, mais kwa siri. Na we, na bale babaume batatu, unaenda kujenga nyumba?”

“Banapenda mguu yangu. Nifanye nini?”

Tukakumbatiana, tukacheka hadi wabeba mizigo nao wakacheka bila kujua kisa. Lakini njiani, yeye mbele kwenye pikipiki moja na mimi nyuma kwenye nyingine, sikuwa nikicheka. Nilikuwa nikiuhesabu upya mwaka ule, mwezi kwa mwezi. Habari za wazazi wangu na mahali nilipozaliwa nitaziacha; zilikuwa habari njema lakini hazina mguu ndani yake. Nitaanzia sokoni, kwenye komuni ya Tshopo, sehemu ya mji wetu, mahali ambapo mimi na Marceline tuliuza kwanga, ule mkate wa muhogo unaofungwa kwenye majani, bega kwa bega, kila mmoja na beseni lake na kila mmoja na uongo wake kwamba kwanga yake ndiyo laini.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na kwa hesabu zangu ujana ulikuwa bado haujaniaga. Mguu ndio uliotangulia kuzeeka. Ulianza na maumivu ya ndani ya kifundo, chini ya lile fupa linalotokeza, kisha pakavimba kama pamemeza yai. Halafu uvungu wa unyayo ukaanza kushuka. Ulishuka kidogo kidogo, jinsi ukuta wa udongo unavyoshuka wakati wa mvua, mpaka siku moja nilipotoka kuoga na kuona alama yangu kwenye sakafu: mguu wa kushoto umeandika unyayo wa binadamu, mguu wa kulia umeandika pasi. Ukinitazama kwa nyuma, vidole vyangu vyote vilionekana vimechungulia nje upande mmoja, kama watu wanaongoja basi. Marceline alikuwa hivyo hivyo, ila yeye ni mguu wa kushoto, na wake ulianza miaka mitatu kabla ya wangu. Wauza samaki walituita bata. “Bata mbili banakuya! Mupishe bata!” Sisi tulijibu kwamba tukijumlishwa wawili, tuna jozi moja ya miguu mizima, na hiyo inatosha kukimbiza mwizi. Tulishirikiana dawa ya kuchua, tulishirikiana kigoda, tulishirikiana hata malalamiko: leo analalamika yeye, mimi nafariji, kesho tunabadilishana. Sijawahi kuwa na urafiki uliogawanywa sawa namna ile.

Mwaka huo huo nilikuwa nimejiandikisha shule ya jioni, ili nimalize masomo niliyoyaacha katikati. Nikitoka sokoni saa kumi na moja nilikwenda kukaa kwenye dawati pamoja na askari, mafundi cherehani na bibi mmoja aliyekuwa na wajukuu kumi, nikasoma. Nililitangaza jambo hilo soko zima. Ningekuwa na tarumbeta ningelipuliza. Kwa wiki tano za masomo nilijiona profesa, na wenzangu sokoni waliniletea kila karatasi, hata karatasi za kufungia sabuni, niwasomee. Ninalitaja hili kwa sababu ndilo lililonitia aibu ya kwanza.

Redio ilitangaza kwamba daktari wa mifupa kutoka Kinshasa angetua uwanja wa ndege wa Bangboka na kukaa wiki mbili, akiangalia miguu ya watu wazima bila malipo, kwenye kituo kimoja cha viungo hapo hapo Tshopo. Tukaenda. Ninakiona kile kibaraza mpaka leo: mabenchi ya mbao yaliyolainishwa na makalio ya miaka mingi, harufu ya dawa ya sakafu ikigombana na harufu ya ndizi za kuchoma kutoka barabarani, na miguu. Sijaona miguu mingi namna ile mahali pamoja. Kulikuwa na miguu elfu kumi, na kila mmoja na hadithi yake. Chumba cha daktari kilikuwa na mlango usiofungika vizuri, kwa hiyo sisi wa kwenye benchi la kwanza tulisikia kila kitu na kuwapelekea habari wa benchi la nyuma.

Marceline aliingia kabla yangu. Nikasikia daktari akisema, kwa Kiswahili chake alichokiokota njiani, “Mama, simama na huu mguu moja. Pandisha kisigino.” Kisha tena: “Pandisha.” Marceline akajibu, “Dokta, inakataa.” Nikasikia kitanda kikilia, daktari akiuchukua mguu ule mkononi. “Sasa nasukuma mimi. Unaona? Hairudi. Iko kama jiwe.” Nilipoingia mimi, nami pia aliniambia nipandishe kisigino, nacho kikakataa, hapo nikafurahi: tuko sawa. Lakini aliponilaza na kuushika mguu wangu, akausukuma kwa ndani, nao ukakubali. Uvungu ukajitengeneza mkononi mwake kama vile haujawahi kushuka. “Ah,” akasema, “huu unarudi.”

Alinieleza vizuri, na kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi nilimwomba arudie mara mbili. Kuna kano, kamba ngumu inayopita nyuma ya kifundo upande wa ndani, ndiyo inayoubeba uvungu. Ikichoka, uvungu unashuka. Mwanzoni mguu unalegea tu, na ukiushika unarudi. Huo unasaidiwa kwa kuufunga kwenye kishikio cha ngozi, kuweka soli iliyochongwa ndani ya kiatu, na kuinyoosha misuli ya nyuma ya mguu kila siku. Lakini ukiachwa ukaendelea, viungo vinakakamaa vikiwa vimepinda. Hapo soli haina kazi. Hapo ni kupasua, kuinyoosha mifupa, kuiunganisha kwa skurubu iwe kitu kimoja. “Na nikishaunganisha,” akasema, “mama, haifunguki tena. Maumivu yanaondoka, mais na mchezo wa mguu unaondoka. Huwezi tena kuupindisha kushoto na kulia. Kwa hiyo sipasuagi mguu unaorudi.”

Mtu mwenye akili angetoka pale akicheza. Mimi nilitoka nimenuna.

Siku ya tatu wakabandika orodha ya watakaopasuliwa. Wamama wakanisukuma mbele: “Mama Zaina, we njo musomi, tusomeye!” Nikasoma kwa sauti, kwa madaha, nikivuta kila jina. La kwanza, la pili, la tatu. La tano lilikuwa la Marceline. Kukapigwa vigelegele, wakamwinua juu. Mimi nikaendelea kusoma, mwisho nikafika chini kwenye saini. Nikarudia kutoka chini kwenda juu, labda jina langu limepitia mlango wa nyuma. Halikuwemo. “Na yako?” akauliza mmoja. “Mi banaona mguu yangu iko nzuri,” nikasema, na kwa namna nilivyosema ungedhani nimetangaza msiba.

Hospitali zetu mnazijua: mgonjwa haendi peke yake, anakwenda na garde-malade, mtu wa kulala sakafuni pembeni ya kitanda, kumpikia, kumwogesha na kugombana na wauguzi kwa niaba yake. Marceline alinichagua mimi. “Nani ingine?” alisema. “Dada zangu banalia sana. We unaongeaka, nitasahau maumivu.” Nikakubali kwa moyo mweupe. Haukubaki mweupe hata siku mbili.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na madirisha mawili, na kitanda cha Marceline kilikuwa chini ya dirisha zuri. Mguu wake, umefungwa plasta mpaka chini ya goti, uliwekwa juu ya mito miwili. Mimi, mwenye mguu unaouma vile vile, sikuwa na hata mto wa kichwa. Halafu wakaanza kuja. Marceline ni wa ukoo wa wavuvi wa maporomoko, wale wanaotega vikapu vikubwa kama nyumba kwenye nguzo katikati ya maji, na kaka zake walikuja na samaki, kapitani mmoja aliyehitaji kitanda chake mwenyewe. Nasema kweli: mkia ulikuwa mlangoni, kichwa kinasalimia wagonjwa. Wamama wa parokia wakaja na kwaya, sauti tatu, wakaimba mpaka wagonjwa wa malaria wakakaa kitako. Walileta lituma ya ndizi iliyotwangwa laini, walileta pondu, yale majani ya muhogo, yenye mafuta mekundu, walileta kuku. Kuku! Kwa wiki tatu nilihesabu kuku ishirini na saba, na hata ukitoa wale niliowaongeza mimi, wanabaki wanane wa hakika. Na nani aliyewapika? Nyuma ya wodi palikuwa na kibanda cha bati chenye majiko ya makaa, na pale nilisimama na mguu wangu wa pasi, moshi machoni, nikigeuza mapaja ya kuku kwa ajili ya mwanamke aliyelala akipepewa.

“Mama Zaina,” aliniita kutoka ndani, “weka pilipili kidogo!”

“Nitakuwekea yote,” nikanong’ona kwenye sufuria.

Jikoni ndipo nilipowasikia. Wamama wawili wa parokia walikuwa wakiosha sahani kwenye ndoo, mimi niko upande wa pili wa bati. Mmoja akauliza, “Na ule mwenye kupika, ule wa mguu bata, yeye banamupasua lini?” Mwenzake akajibu, “Ule? Ule haiko mugonjwa. Iko na uvivu ya kutembea tu. Angekuwa mugonjwa, dokta angemuacha?” Wakacheka kidogo, bila ubaya, kama watu wanavyocheka wakiosha sahani. Kijiko kilinianguka kwenye makaa. Sasa hivi, nikiwa mtu mzima mwenye cheti ukutani, naweza kusema ni maneno tu. Siku ile yaliingia mahali ambapo hata kano ya mguu haijawahi kuniuma. Niligundua kwamba kwa watu wetu maumivu yasiyo na plasta hayana jina. Sikuutamani mguu wa Marceline, namwambia kila anayeniuliza. Nilitamani watu waulize. Nilitamani mtu aje na sufuria iliyofunikwa kitambaa, anitazame mguu na kusema: masikini, pole.

Siku Marceline alipotoka hospitali walimmiminia poda shingoni na mabegani, kama tunavyomfanyia mtu aliyefaulu mtihani wa serikali, na mwingine kwa furaha akaipaka hata plasta. Nilipiga vigelegele kuliko wote. Koo liliniuma siku tatu.

Kishikio changu kilitengenezwa na Papa Anicet, fundi wa karakana ya kituo. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye rafu za miguu ya plasta, kila mguu umeandikwa jina kwa penseli, na ungeapa kwamba mji mzima umeacha miguu yake hapo na kwenda kulala. Alinipima kwa makini, akachonga, akashona ngozi nene ya kahawia yenye kamba kumi na mbili za kufunga, na chini akaweka soli yenye kilima kidogo cha kuuinua uvungu. “Unavaa asubuhi mpaka jioni,” alisema. “Hii ni operesheni yako, mama. Tofauti ni kwamba unajipasua mwenyewe kila siku, bila kisu.” Maneno mazuri. Lakini nani anakuletea kuku kwa sababu umefunga kamba kumi na mbili?

Nilikivaa miezi minne. Maumivu yalipungua, siwezi kukataa, uvimbe ulishuka. Ndipo habari ikafika kwamba daktari atarudi kabla ya mwaka kwisha. Hapo akili yangu, ambayo shule ya jioni ilikuwa ikiilisha vizuri, ikafanya hesabu ya kijinga kuliko zote zilizowahi kufanywa kwenye ukingo wowote wa mto huu. Mguu unaorudi hapasui. Mguu uliokakamaa anapasua. Basi mguu wangu na ukakamae.

Nikakivua. Asubuhi nilikifunga mbele ya watu wa nyumbani, nikifika kona ya kwanza nakifungua na kukitia ndani ya beseni, kwanga juu yake. Nilitembea peku kwenye mawe. Nilijaza beseni mpaka shingo ikaingia mabegani. Nikiambiwa kuna njia fupi na njia ndefu, nilichagua ndefu, mteremko na mlima. Mazoezi ya kunyoosha misuli niliyaacha kabisa. Uvimbe ukarudi kama mgeni aliyesahau kofia. Jioni darasani mguu uliniuma mpaka maandishi ya ubaoni yakacheza, nami nikautazama chini ya dawati na kuuambia: vizuri, endelea. Wivu ni kitu cha ajabu. Njaa inakupeleka kwenye chakula, kiu inakupeleka kwenye maji. Wivu ulinipeleka kwenye maumivu yangu mwenyewe, nami nikaenda nikiimba.

Papa Anicet aliniita baada ya miezi mitatu kwa ukaguzi. Akakipokea kishikio, akakigeuza, akaitazama soli kwa muda mrefu. Kisha akachukua kishikio cha mtu mwingine kutoka rafuni, akaviweka pamoja mbele yangu. Kile kingine soli yake ilikuwa imekwaruzwa, imelika upande wa kisigino, na ngozi imekunjamana. Changu kilikuwa safi kama siku ya harusi.

“Hiki hakijatembea,” akasema.

“Natembeaka pole pole, Papa.”

“Hata mtu anayetembea pole pole anakanyaga chini, mama.”

Nikamwambia kwamba kwetu nyumbani sakafu ni laini sana. Alinitazama bila hasira, akakirudisha mikononi mwangu. “Mguu ni wako,” akasema. “Mi natengenezaka ngozi tu.” Ningependa kusema niliona aibu. Nilitoka nimekasirika kwamba soli zinasema.

Daktari alirudi mwezi wa kumi na moja. Kibaraza kile kile, mabenchi yale yale, ila safari hii nilikuja nimejiandaa. Nilikuwa nimejifunza nyumbani kuukaza mguu: unavuta vidole nje, unabana misuli ya ubavuni mpaka kifundo kinakuwa gogo. Nilifanya mazoezi wiki tatu, na laiti ningefanya yale mengine kwa bidii ile. Akaushika, akausukuma. Nikabana. Akausukuma tena. Jasho likanitoka masikioni, lakini haukurudi. Akashangaa. Akasoma karatasi yake ya zamani, akanitazama mimi, akasema, “Mwaka moja tu? Imeenda mbio sana.” Akachukua kalamu ya wino mzito, akanichora msalaba juu ya kifundo, alama ya mguu wa kupasuliwa. Nikatoka nao kibarazani nikiinua kidogo pagne yangu ya kitenge, ili kila benchi lione.

Marceline alikuwa pale, amekuja kwa ukaguzi wake, na fimbo yake magotini. Aliuona msalaba. Hakupiga vigelegele.

“Nini hii?” akauliza.

“Zamu yangu,” nikasema. “Uambiye kaka zako batege samaki.”

“Mama Zaina. Jana nimepita kwako. Ulikuwa unafula blanketi na miguu mu beseni. Ile mguu ilikuwa inacheza sawa samaki.”

“Umeona vibaya.”

“Mi nimeona muzuri. Unajua nini banafanya mule ndani? Unajua mi sasa nikienda ku mawe kwa kaka zangu nafikaga wapi? Nafika ku mchanga, naikala. Kukanyaga jiwe yenye kuinama, siwezi tena. Mi sikuwa na njia ingine. We iko nayo!”

“Unaona wivu,” nikamwambia, na nilisema kwa sauti ili watu wasikie. “Hautaki mutu mwingine apate. Unataka kuwa mugonjwa peke yako, malkia wa plasta!”

Marceline akasimama na fimbo yake, akaenda mpaka kwenye ule mlango usiofungika, akausukuma bila kubisha. Nikamsikia, sote tukamsikia: “Dokta, ule mama wa kwanga, mwitiye tena. Lakini usimushike mguu kwanza. Mupe habari aongeye. Akiongea, anasahauka mwili yote.”

Hakuna adui awezaye kukujua namna ile. Anayejua hivyo ni mtu aliyelala nawe wodi moja wiki tatu akikusikiliza.

Nikaitwa. Niliingia nimekaza mguu tangu mlangoni. Daktari hakuniambia nilale; aliniambia nipige magoti juu ya kiti, miguu ikining’inia nyuma, yeye akakaa kwenye kigoda nyuma yangu nisikomuona. “Mama,” akasema, “mke wangu pale Kinshasa analalamika. Anasema kwanga ya Kisangani ni laini kuliko yao. Munafanyaka namna gani?” Nilijua. Wallahi nilijua ni mtego. Lakini aliniuliza kuhusu kwanga! Nikamwambia kwa kifupi: unalowesha muhogo siku tatu. Akasema, “Siku tatu tu? Kule kwetu ni mbili.” Mbili! Nikamwambia ndiyo maana mkewe analalamika, siku mbili ni za kulowesha nguo. Nikamweleza jinsi unavyotoa nyuzi moja moja, unavyosaga, unavyoupika mara ya kwanza, unavyoukanda ungali moto mpaka viganja vinalia, unavyochagua majani yasiyotoboka. Nikamweleza ya mwanamke mmoja aliyekula kwanga yangu akaacha mume aliyekuwa akimpa kwanga mbaya, jambo ambalo lilitokea karibu hivyo. Nikawa nimefika mahali pa kufunga kamba, mikono yangu hewani nikimwonyesha fundo, nilipohisi kitu chenye joto kimeushika mguu wangu. Ulikuwa umelala kwenye kiganja chake. Alikuwa akiupindisha ndani, nje, ndani, nje, taratibu, na wenyewe ukimfuata kama mbuzi wa nyumbani.

“Unarudi,” akasema.

Nikashusha mikono. Hakunifokea. Akaita wauguzi wawili waliokuwa wakijifunza, akawaonyesha. “Umechoka sana huu. Miezi sita ingine ya mchezo huu na ungekataa kweli, halafu ningepasua na tungelia wote. Mais leo bado. Angalieni: bado ni mguu mzuri.” Akachukua pamba yenye spiriti, akausugua msalaba wangu mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu mwenye elimu alikuwa ameusifu mguu wangu mbele ya watu, na nililia kama nimefiwa.

Mwezi uliopita, alipofika hapa nyumbani, tukiwa na sahani ya lituma kati yetu, Marceline amekaa kwenye kiti changu kizuri na mguu wake juu ya kigoda, nilimuuliza. Miaka kumi na minne nilikuwa nikilibeba swali lile. Mara baada ya siku ile mumewe alipata kazi Basoko, wakahama, nami sikwenda hata kuwaaga bandarini. Nilimuuliza: ulisema kwa daktari kwa sababu ulinipenda, au kwa sababu ya wivu? Alitafuna, akameza, akafikiri kweli kweli.

“Nusu,” akasema. “Nusu nilikuhurumia. Nusu nilisema: akipata na yeye skurubu, nani atanipikia? Na kuku zote zitaenda kwake, juu yeye anajua kuongea.”

Nilicheka mpaka lituma ikanipalia. Lakini siku ile yenyewe ya daktari hapakuwa na kicheko. Nilitoka kwa daktari macho yamevimba, kishikio mkononi, nikakaa kwenye ngazi ya kibaraza, watu wote wakitazama, nikafunga kamba moja mpaka ya kumi na mbili, nikizivuta kama namnyonga mtu. Marceline alikuwa amesimama nyuma yangu. Alijaribu kushuka ngazi anifikie, ngazi ya kwanza ilikuwa imeliwa na mvua na kuinama, na mguu wake haukupata pa kukaa. Akabaki juu.

“Unichukiye, Mama Zaina,” akasema. “Nimekubali. Lakini unichukiye ukiwa unatembea.”

Nikanyanyuka, nikakanyaga ile ngazi iliyoinama, kifundo kikapinda kikanipokea, nikaenda. Nilimchukia mpaka barabarani, nikamchukia nikipita mawe, madimbwi na mizizi, nikapanda mlima wa sokoni nikimchukia kwa nguvu zangu zote, na nilipofika juu ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimesimama kupumzika hata mara moja.